Mbuzi wa Ana na Hati ya Gabaeli

Mahubiri juu ya pesa za kikundi mara nyingi huanza na Yuda Iskariote. Yeye ndiye aliyeshika mfuko wa Mitume, na Injili ya Yohane (12:6) inasema waziwazi kwamba alikuwa akiiba kilichowekwa ndani. Basi jina hilo likitajwa, macho yote yanamgeukia mweka hazina, na mweka hazina naye, maskini, anaangalia viatu vyake hata kama hajagusa senti ya mtu. Hakuna ubaya kumkumbuka Yuda. Lakini tukibaki na yeye peke yake tutadhani Maandiko yanajua shida moja tu, yaani mwizi. Iko shida nyingine, nayo huvunja kikundi haraka kuliko wizi wenyewe: mtu mwaminifu kumwita mwaminifu mwenzake mwizi.

Shida hiyo imeelezwa vizuri katika kitabu cha Tobiti. Wengi hawajakisoma. Katika Biblia nyingi za Kikatoliki kiko baada ya Nehemia. Katika Biblia zilizochapishwa kwa ushirikiano na makanisa mengine utakikuta kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, pamoja na vitabu vingine vya Deuterokanoni. Ndugu zetu Waprotestanti hawakihesabu kati ya vitabu vya Biblia. Sisi Wakatoliki tunakihesabu, na Mtaguso wa Trento ulithibitisha hivyo mwaka 1546. Kama kikundi chenu kina watu wa makanisa mbalimbali, si neno. Asiyekipokea kama Neno la Mungu atakisikiliza kama hadithi nzuri, na hatapata hasara.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo, ulitufundisha tuulize kwanza andiko ni la aina gani na mwandishi alikusudia nini. Wataalamu wengi Wakatoliki huona Tobiti kuwa hadithi ya kufundisha, iliyoandikwa yapata miaka 200 kabla ya Kristo, juu ya Waisraeli waliochukuliwa mateka mpaka Ninawi karne nyingi nyuma. Kwa hiyo hatukisomi kama ripoti ya polisi. Tunaingia ndani ya ile nyumba na kutazama watu wanavyoishi. Jambo moja zaidi: kitabu hiki kimetufikia katika nakala ndefu na nakala fupi, ndiyo sababu Biblia moja inaweza kuwa na maneno ambayo nyingine haina. Hapa tumefuata ile ndefu. Vipande vyake vya Kiaramu na Kiebrania vilipatikana katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1952.

Mbuzi alialia nyumbani

Tobiti alikuwa mtu mwema kabisa. Alitoa sadaka, aliwalisha wenye njaa, na alizika maiti za Waisraeli wenzake zilizotupwa nje ya kuta za mji, ingawa jambo hilo lilimhatarisha maisha. Kabla ya taabu zake alikuwa na kazi kubwa ya kumnunulia mfalme mahitaji yake. Kisha mambo yakaharibika. Akanyang'anywa mali, na baadaye, alipokuwa amelala uani baada ya kuzika mtu, mavi ya ndege yakamwangukia machoni. Akapofuka.

Mzee amekaa nyumbani, haoni. Ni nani sasa anayeleta chakula? Kwa muda ndugu yake Ahikari alimsaidia, halafu akahamia mbali. Basi mkewe, Ana, akaanza kufuma vitambaa kwa malipo. Siku moja (nakala ndefu inataja hata tarehe, siku ya saba ya mwezi) alipeleka kazi aliyoimaliza, wakamlipa mshahara wote, na juu yake wakamwongezea mwana-mbuzi apeleke nyumbani. Akina mama wa sokoni wanaelewa haraka. Ukinunua gorogoro ya mahindi kwa mtu anayekujua, anajaza, kisha anatia kiganja kimoja juu. Hiyo ni nyongeza. Haiandikwi popote, wala hakuna anayeidai.

Mbuzi alipoanza kulia, Tobiti akamwuliza mkewe ametoka wapi. Mpaka hapo sawa, swali ni halali. Lakini hapo hapo akaongeza kwamba huenda ni wa wizi, na arudishwe kwa wenyewe. Ana akamweleza kwamba amepewa juu ya mshahara. Mzee hakusadiki. Akashikilia mbuzi arudishwe, akaona haya kwa ajili ya mkewe (2:14).

Hebu tusimame hapo kidogo. Tobiti hakuwa mwongo wala hakuwa na nia mbaya. Alichokisema juu ya mali ya wizi ni sheria ya Mungu, na ni kweli. Aliuliza, lakini swali lake lilikuwa tayari na jibu tumboni. Wale waliomlipa Ana walikuwepo, mtu angeweza kutumwa kwenda kuwauliza. Hakutumwa mtu. Halafu angalieni yule aliyeshtakiwa ni nani: ni mama anayefanya kazi ili huyu anayemshtaki apate kula. Kitabu hakisemi, lakini mimi naona sehemu ya hasira ile ilikuwa uchungu wa mwanamume aliyezoea kulisha watu na sasa analishwa.

Ana naye hakunyamaza. Akamwuliza ziko wapi sasa sadaka zake na matendo yake ya haki. Neno hilo lilimchoma mzee kabisa. Mwanzoni mwa sura ya tatu analia na kuomba afe. Mbuzi mmoja tu, ndugu zangu!

Hati iliyokatwa katikati

Sasa fungueni mahali pengine katika kitabu hicho hicho. Zamani, wakati Tobiti alipokuwa akisafiri kwa kazi ya mfalme, aliacha talanta 10 za fedha kwa mtu mmoja aitwaye Gabaeli, katika mji wa Rage, nchi ya Umedi. Talanta ilikuwa kipimo cha uzito, na vipimo vilitofautiana toka nchi moja mpaka nyingine, lakini hata kwa kipimo kidogo hizo talanta 10 hazipungui kilo 250 za fedha. Hiyo ni mali nyingi sana. Baadaye barabara za kwenda Umedi zikawa na hatari, na mzee hakuweza kurudi huko.

Miaka 20 ikapita. Anapomtuma mwanawe Tobia akaichukue, kijana anauliza, na kwa haki, huyo mtu atanijuaje, nami nitamjuaje? Baba anaeleza (5:3) kwamba waliandikiana hati, hati ikagawanywa sehemu mbili, kila mmoja akachukua yake, na sehemu moja ikawekwa pamoja na fedha. Vipande viwili vikiletwa pamoja na kulingana, basi neno limekwisha.

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika sura ya tisa, Rafaeli, ambaye wote wanadhani ni kijana wa ukoo aitwaye Azaria, anafika kwa Gabaeli na ngamia wawili na kumpa hati. Gabaeli anatoa mifuko, anaihesabu mbele yake, mihuri bado mizima. Miaka 20, kilo mamia ya fedha, watu wawili wasioonana, na hapakuwa na neno baya hata moja! Lakini mbuzi mmoja, katika nyumba moja, kati ya mume na mke, alileta kilio cha kutamani kifo.

Tofauti ni nini? Mtu atasema Gabaeli alikuwa mwaminifu. Ndiyo, lakini Ana pia alikuwa mwaminifu. Kwa Gabaeli kulikuwa na maandishi. Kwa Ana hakukuwa na kitu ila neno lake, na neno lake halikupewa heshima.

Daftari si matusi

Katika vikundi vyetu utasikia mtu akisema, "Sisi ni watu wa kanisa moja, tunaaminiana, ya nini kuandika kila kitu?" Mwingine akiombwa atie sahihi ananuna, ati anashukiwa. Gabaeli alikuwa ndugu wa taifa moja na Tobiti, na waliandikiana. Hakuna aliyeona ametukanwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 42, ana orodha ya mambo ambayo mtu asiyaonee haya, na ndani yake ameweka kufanya hesabu na mwenzako, kuwa na mizani ya kweli, na kuandika kila kinachotolewa na kila kinachopokelewa. Kumbe hata wakati ule watu waliona aibu kuandika!

Tuseme kikundi kina wanachama 20, kila mmoja analeta shilingi 200 kwa wiki. Siku ya mkutano wawili hawakuja, kwa hiyo kwenye kisanduku zimeingia 3,600. Kesho yake wale wawili wanatuma zao kwa simu ya mama mweka hazina, jumla 400. Anazipokea, anasema ataandika mkutano ujao, kisha mtoto anaugua na mkutano huo hakuenda. Wiki ya tatu mtu anauliza mbona hesabu ina upungufu. Na wiki hiyo hiyo, bahati mbaya, mtoto wa yule mama ameonekana na viatu vipya vya shule.

Mnajua mambo yatakavyokwenda. Mmoja ataguna, wawili watanong'onezana njiani kutoka kisimani. Ikifika Jumapili 400 imekuwa 4,000. Mama atasikia, tena atasikia kwa mtu wa nje. Ataacha kazi ya hazina, halafu ataacha kikundi, halafu hata kwenye sala za Jumuiya hatamwona mtu. Wale waliotuma zile mia mbili mbili wamenyamaza wakati huo wote, na hao pia wana kosa.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 wengi wamezoea kusema ujumbe wa simu ndio risiti. Unasaidia, lakini simu huibiwa, huanguka majini, na ujumbe hufutwa. Tena ujumbe uko kwa watu wawili tu, kikundi hakiuoni. Andikeni kwenye daftari siku hiyo hiyo, aliyetuma apewe karatasi yake, na mkutanoni isomwe kwa sauti. Kile kisanduku cha kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti kina babu yake katika Biblia. Katika 2 Wafalme 12 kuhani Yehoyada alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, na fedha zikiwa nyingi zilihesabiwa na watu wawili pamoja, karani wa mfalme na kuhani mkuu. Wala si kwamba kuhani mkuu alishukiwa.

Mtume Paulo alifanya vivyo hivyo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, akaeleza sababu: hakutaka mtu apate la kumlaumu, na alijali kufanya lililo sawa mbele ya Mungu na mbele ya watu pia (2 Kor 8:19-21). Wengi wetu tunapenda ile nusu ya kwanza. "Mungu anajua moyo wangu," mtu anasema, na daftari limefungwa kabatini. Paulo, pamoja na utume wake wote, hakutosheka na hilo. Huo ndio unyenyekevu wa kiongozi, kufungua kitabu kabla hajaombwa.

Namna ya kumwendea mtu

Na ikiwa kuna swali ambalo daftari halijibu? Bwana Yesu ameweka njia katika Mathayo 18:15-17. Nenda wewe na yeye, peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, liambie kanisa. Sisi mara nyingi tunaanza na hatua ya tatu, tena hatuliambii kanisa, tunaliambia soko.

Hatua ile ya kwanza ndiyo ngumu, kwa hiyo inafaa kufikiri maneno. Kuna tofauti kati ya "Mama, zile mia nne umezipeleka wapi?" na "Mama, nimekuja tusaidiane. Naona daftari linasema 3,600, na mimi nilidhani wale wawili walituma. Hebu tuangalie pamoja." La kwanza ni la Tobiti. La pili linamwachia mtu nafasi ya kujibu bila kwanza kujitetea. Kama aliyeulizwa ni mkubwa kwako kwa umri, basi ni vizuri utafute mzee au mama wa rika lake aende, kama desturi zetu zinavyotufundisha.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inataja makosa matatu dhidi ya jina la mtu (namba 2477), na inafaa kila mwanakikundi ayajue. La kwanza ni kuamini moyoni bila ushahidi wa kutosha kwamba mtu amefanya ubaya. Hilo ni kosa hata kama hujafungua mdomo. La tatu ni kumsingizia uongo. La pili ndilo linaloshangaza watu: kutangaza ubaya wa kweli wa mtu kwa wasioujua, bila sababu ya haki. Maana yake mtu anaweza kusema ukweli mtupu na bado akatenda dhambi. "Lakini ni kweli!" si kinga ya kutosha. Namba inayofuata inamkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyefundisha kwamba Mkristo mwema hutafuta kwanza maana njema katika neno la mwenzake. Akikosa, humwuliza amekusudia nini. Na ikiwa kweli amekosea, humsahihisha kwa upendo.

Na kama kweli ameiba

Hapa kuna wanaokosea kwa upande mwingine. Wanasikia habari za heshima na upole, wanaamua kufunika mambo kwa sababu mhusika ni mwimbaji wa kwaya au ni shemeji ya mwenyekiti. Hiyo si heshima. Pesa ya kikundi ni karo ya mtoto na dawa ya mgonjwa wa mtu fulani, na anayenyamaza anamnyima huyo. Nathani alimheshimu Daudi kama mfalme, akaanza kwa mfano wa maskini na mwanakondoo wake, lakini mwisho alimwambia wazi kwamba mtu huyo ni wewe.

Kanisa linafundisha kwamba mali iliyoibiwa hurudishwa (Katekisimu, namba 2412). Maungamo hayafuti deni. Zakayo hakusema anasikitika tu, alitaja hesabu mbele ya watu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Kikundi kinaweza kukubaliana mtu arudishe kidogo kidogo, iandikwe, na akimaliza iandikwe kwamba amemaliza, kisha mtu asimrudishie neno hilo tena kila akibishana kwenye mkutano.

Lakini namba 2487 ya Katekisimu hiyo hiyo inasema na yule aliyeharibu jina la mwenzake ana deni la kulirudisha. Hilo vikundi huwa vinalisahau. Tukigundua zile 400 zilikuwepo, tunasema "aa, basi yamekwisha," na mama anabaki na aibu yake. Yaliyosemwa hadharani yasahihishwe hadharani, na katibu ayaandike kwenye kumbukumbu za mkutano.

Je, Tobiti alimwomba Ana msamaha? Kitabu hakisemi. Lakini tazameni sura ya nne. Amekumbuka fedha zake, anamwita mwanawe amweleze zilipo. Anaanza kuzungumza, na jambo la kwanza, baada ya kutaja maziko yake mwenyewe, si fedha. Anamwambia kijana amheshimu mama yake siku zote, asimhuzunishe, akumbuke hatari alizopata akiwa na mimba yake, na siku akifa amzike kando yake yeye Tobiti katika kaburi moja. Fedha zinakuja mwisho kabisa wa sura. Na tangu hapo, anapozungumza na Ana, anamwita dada (5:21, 10:6), hata siku ile Ana anapomjibu kwa ukali kwa sababu mtoto amechelewa kurudi.

Kuna kitu kingine, ambacho ni rahisi kukipita. Mzee huyu, ambaye hakusadiki kwamba mwajiri anaweza kumwongezea mfanyakazi kitu juu ya mshahara wake, anapomwajiri Azaria amsindikize mwanawe, anapatana naye drakma moja kwa siku na mahitaji ya njiani. Halafu yeye mwenyewe anaahidi kuongeza kitu juu. Safari inapokwisha na macho yake yamepona, anamwambia Tobia katika aya ya kwanza ya sura ya 12 amlipe yule mtu mshahara wake, na ampe nyongeza.

Kitabu kizima kina sura 14 fupi. Kikundi kinachotaka kukitumia katika mikutano kinaweza kusoma sura ya 2 wiki moja, ya 4 na ya 5 wiki inayofuata, halafu ya 9 na ya 12. Asome mtu mwenye sauti, na wale akina mama wasiojua kusoma waulizwe kwanza wameona nini, kabla ya katekista kusema neno. Daftari la kikundi liwe mezani.